Kutafuta Hitilafu ya Kompyuta Baada ya Pawa Saplai Kuungua

Mtahiniwa, swali la hitilafu ya umeme kwenye kompyuta linapima jambo moja kubwa: je, unapima au unabahatisha? Anayebahatisha hununua kipuri ambacho hakikuharibika, na wakati mwingine huunguza kilichokuwa kizima.

Tuchukue mfano. Kompyuta ya mezani imeundwa nyumbani kwa vipuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja. Umeme unakatika, kisha unarudi kwa nguvu. Unasikika mlipuko mdogo, inatoka harufu ya kuungua, na kompyuta inazimika. Mwenyewe ananunua pawa saplai mpya, anaifunga, anabonyeza swichi: kimya. Wengi hapo husema, "Madabodi imekufa." Huenda ni kweli, lakini bado haijathibitishwa.

Kazi ya pawa saplai

Pawa saplai hupokea mkondo geu wa ukutani (volti 230 Tanzania, volti 240 Kenya) na kuubadili kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Volti 12 hulisha hasa prosesa, kadi ya picha na feni. Ipo pia volti 5 ya kusubiri, ambayo hubaki hai hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi imechomekwa ukutani. Ndiyo inayoiwezesha madabodi kutambua kwamba umebonyeza swichi.

Usalama kwanza

(i) Chomoa waya wa ukutani kabla ya kugusa kitu ndani ya keisi, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe.
(ii) Usifungue kasha la pawa saplai. Kapasita zake huweza kuhifadhi volti za kuua hata baada ya kuchomolewa.
(iii) Gusa chuma cha keisi ili kuondoa umemetuli mwilini.

Hatua za kutafuta hitilafu

Hatua ya 1: Anzia ukutani. Jaribu soketi kwa taa au chaja ya simu. Hakikisha swichi ya nyuma ya pawa saplai iko kwenye I, si O. Baadhi ya pawa saplai, hasa za zamani, zina swichi ndogo ya kuchagua 115 au 230. Ikiwekwa 115 kwenye umeme wetu, inaweza kuungua papo hapo.

Hatua ya 2: Pima pawa saplai peke yake. Tenganisha kebo zake zote na vipuri. Ichomeke ukutani, weka mita kwenye mkondo mnyoofu, kisha pima kati ya waya wa zambarau na mweusi. Upate takriban volti 5. Sasa ichomoe ukutani, unganisha waya wa kijani na mweusi wa plagi ya pini 24 kwa kipande kifupi cha waya, halafu ichomeke tena na upime:

- Njano na nyeusi: volti 11.40 hadi 12.60
- Nyekundu na nyeusi: volti 4.75 hadi 5.25
- Chungwa na nyeusi: volti 3.14 hadi 3.47

Viwango hivi ni asilimia 5 juu au chini ya volti inayotakiwa. Amini mita kuliko feni, kwa sababu baadhi ya pawa saplai za kisasa hazizungushi feni mpaka zipate joto. Kumbuka pia kwamba kipimo hiki kinafanyika bila mzigo: ikishindwa, ni mbovu, ikifaulu, bado haijathibitishwa kwamba itahimili kazi.

Hatua ya 3: Washa kwa vipuri vichache. Unganisha madabodi, prosesa na feni yake, na kipande kimoja cha rami. Kama prosesa haina uwezo wa picha, ongeza kadi ya picha. Chomeka plagi ya pini 24 pamoja na ile ya prosesa yenye pini 4 au 8. Hii ya pili husahaulika sana. Bila hiyo feni huweza kuzunguka huku skrini ikibaki nyeusi.

Hatua ya 4: Tafuta shoti. Feni ikizunguka kidogo tu na kusimama, huenda pawa saplai inajikinga na shoti. Yaani pawa saplai nzima inaweza kuonekana mbovu kwa sababu ya kosa la kipuri kingine. Toa madabodi kwenye keisi na uiweke juu ya kadibodi kavu. Ikiwaka, tafuta parafujo iliyodondoka nyuma yake. Isipowaka, badilisha rami. Ikishindikana tena, sasa una sababu ya kuishuku madabodi au prosesa.

Hatua ya 5: Rudisha kipuri kimoja kimoja. Kabla ya kuongeza kila kimoja, zima na uchomoe. Kipuri kitakachoirudisha hitilafu ndicho cha kuchunguzwa. Diski kuu iwe ya mwisho. Vipuri vingine vinauzwa dukani, lakini picha na kazi zilizomo kwenye diski haziuzwi. Usiiunganishe na umeme ambao hujaupima.

Tahadhari

Pawa saplai nyingine zina kebo zinazochomoka. Usitumie kebo za pawa saplai ya zamani kwenye mpya, hata kama zinaingia vizuri. Mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana, na volti 12 ikifika mahali pa volti 5, diski inaweza kuungua.

Swali la mfano

Kompyuta imebadilishiwa pawa saplai. Ikiwashwa, feni inazunguka kwa nusu sekunde na kusimama. Fundi anasema pawa saplai mpya ni mbovu. Je, unakubaliana naye? (alama 4)

Jibu

Sikubaliani naye moja kwa moja. Pawa saplai hujizima inapokutana na shoti, hivyo dalili hii inaweza kusababishwa na kipuri kingine (alama 2). Ningeipima peke yake kwa mita (alama 1), kisha niwashe kwa vipuri vichache na kuongeza kimoja kimoja (alama 1).

Jipime

1. Kwa nini kasha la pawa saplai halifunguliwi hata likiwa limechomolewa ukutani?
2. Mita inaonyesha volti 11.1 kwenye waya wa njano. Toa uamuzi wako na sababu.
3. Eleza kwa nini diski kuu huunganishwa mwisho.
4. Njia ya volti 12 inatoa ampia 20. Kokotoa wati zake.