Nyara za Maswa: Risasi moja, makaratasi ya mwaka mzima

Msimu wa uwindaji wa kitalii nchini hufunguliwa Julai mosi, lakini kwa wafungashaji na mawakala wa forodha wa Arusha na Dar es Salaam msimu huo hauna mwisho. Nyati aliyepigwa Agosti katika Pori la Akiba Maswa anaweza kuwa bado yumo ghalani Machi mwaka unaofuata. Pembe zimekwisha kusafishwa, ngozi imekauka, mteja amekwisha kulipa. Kinachosubiriwa ni karatasi.

Maswa, pori lililotengwa mwaka 1962 kusini-magharibi mwa Serengeti, lilihesabiwa kuwa la Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, ilipoundwa mikoa mipya ya Simiyu na Geita. Magharibi zaidi kulikuwa na mapori mengine yaliyopokea wawindaji, yakiwamo Biharamulo na Burigi, ambayo pamoja na Kimisi yaligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji. Kwa hiyo biashara ya nyara kwa ukanda huu imebaki zaidi upande wa Maswa na eneo la jumuiya la Makao wilayani Meatu.

Wafanyabiashara wa dhahabu wa Geita na Kahama wanaotaka kujitosa katika shughuli za uwakala wa nyara hushangazwa na jambo moja. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo huingia mlangoni na mzigo wake, akapimiwa, akakatwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 iliyowekwa na sheria ya mwaka 2017, na wahusika wote wako chini ya paa moja. Nyara haina soko la aina hiyo. Karatasi zake hutoka porini, kwenye ofisi za maliasili, za mifugo, za forodha, na mara nyingi kutoka serikali ya nchi ambayo mzigo unakwenda. Hakuna ofisi hata moja kati ya hizo inayosubiri nyingine.

Haikuwa hivi siku zote. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1973, na uliporejeshwa mwaka 1978 shughuli nzima ilikuwa mikononi mwa shirika la umma, TAWICO. Mambo yalikuwa ya polepole, lakini mteja alijua mlango wa kugonga. Kampuni binafsi zilipofunguliwa njia mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi ya kufungasha na kusafirisha ikagawanyika, na mnyororo wa watu wanaogusa sanduku moja ukawa mrefu.

Mnyororo huo huanzia kambini, na hapo ndipo sehemu kubwa ya hasara huzaliwa. Mnyama anapoanguka, askari wa wanyamapori anayefuatana na msafara hujaza leseni ya uwindaji: aina ya mnyama, tarehe, kitalu, na vipimo vya pembe, meno au ngozi. Ada zote za Serikali hazina budi kulipwa kabla nyara haijaruhusiwa kutoka nchini. Leseni hiyo ndiyo mama wa hati zote zinazofuata. Ikiwa imeandikwa kitalu cha Maswa Mbono wakati mnyama alipigwa Maswa Kaskazini, au jina la mteja limekosewa herufi moja na halifanani na pasipoti, kosa hilo litanakiliwa kwenye kila karatasi mpaka litakapogunduliwa na mkaguzi wa ng'ambo, ambaye hana sababu ya kumwonea mtu huruma.

Kutoka kambini nyara husafirishwa hadi kwa mfungashaji ikiwa imetiwa chumvi. Huko mafuvu huchemshwa na kuondolewa nyama yote, ngozi hukaushwa na kutiwa dawa ya wadudu, na kila kipande hufungiwa lebo. Daktari wa mifugo wa Serikali hukagua na kutoa cheti cha afya, kwa kuwa nchi nyingi huogopa ugonjwa wa miguu na midomo kwa jamii ya ng'ombe na homa ya nguruwe kwa ngiri. Hata mbao za sanduku zina sheria yake. Kwa kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 2002, mbao za kufungia mizigo lazima ziwe zimepitishwa kwenye joto au dawa na kupigwa mhuri. Fundi seremala asiye na mhuri huo anaweza kumwokolea mfungashaji fedha kidogo Arusha na kumgharimu sanduku zima bandarini.

Nyati, pundamilia, nyumbu, nyamera na swala pala husumbua kidogo. Hawamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979. Wanahitaji hati ya kusafirisha nyara ya hapa nchini, cheti cha afya na taratibu za forodha basi. Shida yenyewe ni simba, chui na kiboko.

Chui yumo kwenye Orodha ya Kwanza ya mkataba huo, ambayo ndiyo kali zaidi. Tanzania imeruhusiwa mgao wa chui 500 kwa mwaka, idadi iliyopandishwa kutoka 250 mwaka 2002, na kila ngozi inafungwa kibandiko kisichofunguka chenye jina la nchi, mwaka, na namba ya ngozi hiyo katika mgao. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwa mnyama wa orodha hiyo nchi inayopokea ndiyo hutoa kibali kwanza. Mteja wa Texas au Madrid hana budi kupata kibali cha kuingiza kwao, kisha nakala yake iletwe huku, ndipo Idara ya Wanyamapori itoe kibali cha kusafirisha. Wakala anayepeleka maombi Dodoma bila karatasi ya mteja anapoteza nauli.

Simba na kiboko wako Orodha ya Pili, na kwa mujibu wa mkataba kibali cha Tanzania peke yake kingetosha. Lakini nchi wanunuzi zimeongeza masharti yake. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2015 kudai kibali cha kuingiza nyara za simba na viboko. Marekani, ambako ndiko hutoka wateja wengi, iliwaweka simba wa Afrika Mashariki na Kusini chini ya sheria yake ya viumbe walio hatarini kuanzia Januari 2016, na kila simba akahitaji kibali kilichopitiwa na wataalamu wa huko. Ilifika mwaka 2019 ndipo ikajulikana kwamba kibali cha kwanza kwa simba wa Tanzania chini ya utaratibu huo kimetolewa. Kwa miaka mitatu hivi, mwindaji wa Kimarekani aliyepiga simba hapa alikuwa na picha tu. Kwa upande wetu kanuni hutaka simba awe na umri wa miaka 6 au zaidi, na meno na fuvu hukaguliwa kuthibitisha, kwa hiyo hata mnyama aliyelipiwa anaweza kukataliwa.

Halafu kuna saa. Kibali cha CITES cha kusafirisha hudumu miezi 6. Kibali cha kuingiza mnyama wa Orodha ya Kwanza hudumu miezi 12. Tuseme mteja amepata cha kwao Januari, nakala ikafika Arusha Machi, kibali cha hapa kikatoka Juni. Cha hapa kinasomeka kuwa hai hadi Desemba, na cha kwao hadi Januari. Ikitokea ndege imekataa mzigo, au cheti cha mifugo kimechelewa, au sanduku limesubiri nafasi ya meli, karatasi hizo mbili hufa zikifuatana, na mteja huanza upya kwa kuandika barua kwao. Muda wa miezi 6 huhesabiwa mpaka mzigo ufike na kukaguliwa. Kuondoka Dar es Salaam kabla ya tarehe hakumsaidii mtu.

Kibali kimoja pia hubeba shehena moja. Ngozi ya chui ikisafiri na fuvu likasahaulika ghalani, fuvu hilo linahitaji kibali chake. Kila kipande lazima kitajwe: ngozi, fuvu, makucha, na kwa simba hata vile vifupa viwili vidogo vya begani ambavyo wawindaji hupenda kuvitia kwenye fremu. Visipoandikwa, hunyang'anywa. Kitu kilichogeuzwa bidhaa, mfano mkoba wa ngozi ya kiboko, kwa kanuni za Marekani hakihesabiwi kuwa nyara ya mwindaji, hata kama mwenyewe ndiye aliyempiga kiboko huyo. Na siku ya mzigo kuondoka, ofisa wa hapa lazima ajaze na kugonga mhuri sehemu ya kibali inayoonyesha idadi iliyosafirishwa kweli. Mhuri huo mmoja usipokuwapo, wakaguzi wa New York, Atlanta au Houston huhesabu kibali kuwa batili. Ni mhuri wa dakika mbili, na hugongwa saa ambayo dereva wa lori tayari anapiga honi.

Kuhusu usafiri wenyewe, nafasi zimepungua. Emirates ilitangaza Mei 2015 kuacha kubeba nyara za simba, tembo na faru, na baada ya simba Cecil kuuawa Zimbabwe mwezi Julai mwaka huo, mashirika makubwa ya Marekani yakafuata. Ufaransa iliacha kupokea nyara za simba mwaka 2015, na Uholanzi ikafunga mlango kwa wanyama wengi mwaka 2016. Uingereza ilikaribia kufanya hivyo mwaka 2023, muswada wake ukapita Bunge la chini na kukwama Bunge la Mabwana. Ubelgiji ilipitisha sheria yake mwaka 2024. Wakala anayechukua oda leo kwa soko la Ulaya inampasa aulize sheria ya nchi ya mteja kabla ya kutaja bei.

Wafungashaji wazoefu hutenganisha mzigo tangu mwanzo. Nyati na swala hutangulia kwenye sanduku lao, wanyama wa CITES hubaki wakisubiri vibali. Gharama ya usafiri hupanda kwa sababu masanduku ni mawili, na wateja hunung'unika. Lakini aliyechanganya vyote kwenye sanduku moja hufanya nyati 3 wamsubiri chui 1 kwa mwaka mzima, na katika joto la ghala, dudu anayekula ngozi hasubiri kibali cha mtu.

Hasara ya sanduku lililokwama haiishii kwa tajiri wa ng'ambo. Mwindaji aliyeudhika harudi, wala hawaleti rafiki zake, na kitalu kisicho na wageni hakilipi ada. Kwa utaratibu wa muda mrefu, asilimia 25 ya ada za wanyama waliowindwa hurejeshwa kwenye halmashauri za wilaya zenye mapori. Meatu ni mojawapo, na vijiji vya Makao huhesabu uwindaji miongoni mwa vyanzo vyao vya fedha. Wachunaji ngozi, madereva na wapishi wa kambi nao hulipwa kwa msimu.

Wakazi wa ukanda wa dhahabu wana la kujihadhari pia. Wageni wa migodini huuziwa mitaani ngozi ya pundamilia au jino la ngiri kama zawadi ya kupeleka kwao. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kitu hicho kisipokuwa na hati ya umiliki ni nyara ya Serikali, na kuwa nacho ni kosa kwa aliyenunua kama ilivyo kwa aliyeuza. Hakuna wakala anayeweza kukisafishia karatasi baadaye, kwa sababu karatasi ya kwanza, ile ya kambini, haikuwahi kuandikwa.