Kupanua Throtobodi Kunaongeza Nguvu?

Barabara ya kutoka Mwatate kwenda Wundanyi huanza kona mara tu inapoushika mlima. Hapo Probox iliyosheheni abiria na magunia hurudi gia ya pili, dereva kakanyaga eksileta mpaka chini, na gari halina haraka. Si ajabu kwamba mazungumzo ya gereji za Voi hufika kwenye throtobodi: ipelekwe kwa fundi wa kukereza vyuma, ichongwe ndani, gari lipate pumzi.

Throtobodi ni koo la aluminiamu kati ya kichujio cha hewa na injini. Ndani mna kibamba cha duara; mguu ukikanyaga, kibamba hufunguka, hewa huingia, nayo kompyuta ya gari hupima kiasi chake na kunyunyiza petroli inayolingana nacho. Wanaopanua husema koo pana huleta hewa nyingi, na hewa nyingi huleta nguvu.

Hesabu haiwaungi mkono. Injini ya lita 1.5 huvuta lita hizo kila inapozunguka mara mbili, kwa hiyo kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika inahitaji lita 75 za hewa kila sekunde. Koo likiwa na kipenyo cha milimita 50, hewa hiyo hupita kwa kasi ya mita 38 hivi kwa sekunde, na shinikizo linalopotea ni karibu asilimia 1 tu ya shinikizo la angahewa. Panua hadi milimita 60, hasara hiyo inapungua kwa nusu. Kwa injini ya nguvufarasi 110, dereva amenunua nusu farasi! Tena kwenye mizunguko 3,000, ambako magari mengi hutumika siku nzima, hasara yenyewe ni robo ya hiyo.

Mwizi halisi wa nguvu ni mlima. Voi iko karibu mita 580 juu ya usawa wa bahari, Wundanyi karibu mita 1,400, na shinikizo la hewa hupungua kwa takriban asilimia 9 njiani. Baridi ya Wundanyi hurudisha kidogo, maana hewa baridi ni nzito, lakini koo pana haliwezi kuvuta hewa ambayo haipo. Turbo inaweza kufidia, kwa kuisukuma hewa iliyopo kwa nguvu.

Mbona basi wenye magari yaliyochongwa huapa kwamba yamechangamka? Kwa sababu koo pana hupitisha hewa nyingi zaidi mguu unapogusa eksileta kidogo tu. Gari huruka mapema, lakini mguu ukifika chini kabisa nguvu ni zile zile.

Koo huwa na maana pale linapokuwa ndilo kizuizi. Katika mbio za magari za dunia katikati ya miaka ya 1990, hewa ya turbo ililazimishwa kupita kwenye tundu la milimita 34 ili kudhibiti nguvu. Mwaka 1995 timu ya Toyota ilikamatwa Hispania ikiwa na kifaa kilichofichwa kwa ustadi mkubwa, kilichoruhusu hewa kulikwepa tundu hilo, ikafungiwa miezi 12. Gari lenyewe lilikuwa Celica, jina lile lile ambalo dereva Ian Duncan alishindia Safari Rally mwaka 1994. Milimita chache zilikuwa na thamani hiyo kwa sababu injini ile ilikuwa na uwezo wa kumeza hewa nyingi kuliko ilivyoruhusiwa.

Probox haina shida hiyo. Shida yake ni uchafu: vumbi jekundu linalojaza kichujio, na masizi ya mvuke wa oili yanayoganda ukingoni mwa kibamba mpaka sailensi, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, inayumba. Kukwangua kwa bisibisi au msasa huharibu ukingo huo, hewa ikavuja hata kibamba kikiwa kimefungwa. Dawa ya kusafishia na kitambaa laini vinatosha. Kwenye magari ambayo eksileta yake ni ya umeme, injini inaweza kunguruma juu gari likiwa limesimama baada ya usafi, kwa kuwa kompyuta bado inafungua kibamba kwa kipimo ilichozoea wakati wa masizi; fundi huifundisha upya kabla ya kurudisha funguo.