Mtindo wa Biashara: Istilahi na Mkataba

Mageuzi ya kidijitali yamezidisha kampuni zinazotoa ushauri elekezi wa teknolojia, na pamoja nazo limezuka fungu la maneno ambayo kila mfasiri huyageuza apendavyo. Hapa tutalichambua moja tu, lile litajalo namna kampuni inavyotengeneza kitu chenye thamani, inavyomfikishia mteja, na inavyojipatia pato. Wapo wasemao mfumo wa biashara, wengine kielelezo, wengine mtindo.

Tumchukue mwenye duka wa Mchikichini, jirani na Kariakoo. Zamani mshauri alimwuzia mashine, akamfundisha kuitumia, akapokea ujira wake, akaenda zake. Siku hizi programu ya kutunza hesabu za stoo na mauzo mara nyingi haiuzwi. Hukaa katika kompyuta za kampuni, naye mwenye duka hulipa ada kila mwezi, au hukatwa kamisheni kwa kila muamala. Asipolipa, mlango hufungwa, na orodha ya wadaiwa wake imo ndani. Mkataba wa Kiswahili ukisema kwamba "amenunua" programu, ilhali ameikodi tu, kosa hilo litamgharimu fedha.

Kwa hiyo mfumo haufai. Neno hilo limekwisha kupewa kazi nyingine: karani akisema "mfumo uko chini", foleni nzima huelewa kwamba kompyuta zimekwama. Kielelezo nacho kimezoeleka mahakamani. Sisi twapendelea mtindo. Twajua kwamba Mchikichini, penye soko la mitumba la Karume, mtindo ni wa nguo kwanza. Lakini hilo latusaidia, kwani mtindo hubadilika, na badiliko ndilo linalozungumzwa. Ubunifu wa mtindo wa biashara, basi, ni kubuni njia mpya ya kuchuma hata kama bidhaa ni ile ile. Uvumbuzi tuuachie mtambo wenyewe.

Tena soko lina mitindo yake yenye majina, ambayo hayakungoja kompyuta. Katika mali kauli mchuuzi huchukua bidhaa kwa ahadi, akauza, ndipo akalipa. Mshauri akubaliye kulipwa baada ya mauzo ya mteja kuongezeka yu karibu sana na mtindo huo, na akieleza hivyo ataeleweka upesi. Uwakala nao, uliotapakaa tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, umewazoeza watu kamisheni. Ada ya mwezi ni kodi ya pango: ukihama, nyumba si yako. (Ngamizi na tarakilishi yalibuniwa kwa ustadi, lakini Watanzania wengi waliendelea kusema kompyuta.)

Twapendekeza kununua kutumiwe pale tu ambapo nakala hubaki mikononi mwa mteja hata baada ya kuachana na kampuni. Kwingineko kuandikwe kukodi, na mkataba uonyeshe kumbukumbu za mteja zitarudishwa lini na kwa njia gani.