Chumvi ya Mama na Ubongo wa Mtoto



Siku moja ya kliniki ya wajawazito, mama mmoja alibaki kwenye benchi baada ya wenzake kuondoka. Alikuwa na mimba ya miezi miwili. Mgongoni alibeba mtoto wa miaka mitatu. Mtoto huyo alikuwa bado hajatembea wala kusema. Mama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mganga, watu wanasema mtoto wangu amerogwa. Wewe unasemaje?"

Nilimtazama shingoni. Alikuwa na rovu. Nikamwuliza, "Mama, nyumbani mnatumia chumvi gani?"

Mama akashangaa. Yeye alileta habari za mtoto, mimi nauliza habari za chumvi! Labda na wewe unashangaa. Basi tusome pamoja tuone chumvi na ubongo vinahusianaje.

UBONGO HUJENGWAJE?

Nyumba hujengwa kwa matofali. Ubongo nao umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, ambazo jicho haliwezi kuziona. Ubongo wa mtu mzima una chembe za fahamu kadiri ya milioni 86,000. Nyingi hutengenezwa mtoto akiwa bado tumboni.

Kazi hiyo ina hatua tatu. Kwanza, chembe hugawanyika na kuongezeka. Pili, kila chembe husafiri mpaka mahali pake. Tatu, chembe huota nyuzi na kushikana na wenzake. Kwa nyuzi hizo mtoto ataweza kusikia, kusema, kutembea, kukumbuka na kusoma.

Lakini matofali hayajipangi yenyewe. Lazima fundi atoe amri. Je, nani hutoa amri kwa chembe za ubongo?

AMRI HUTOKA SHINGONI

Mwili hupeleka amri zake kwa njia ya damu. Amri hizo huitwa homoni. Homoni ni kama barua. Hutengenezwa mahali pamoja, husafiri katika damu, na hufanya kazi mahali pengine.

Mbele ya shingo, chini ya koromeo, kuna tezi moja dogo. Tezi hili hutengeneza homoni inayohitajiwa sana na ubongo. Homoni hiyo huingia ndani ya chembe. Humo hukuta mahali panapoifaa, kama ufunguo unavyofaa kufuli lake. Ndipo chembe hufungua maagizo iliyoyarithi kwa wazazi. Maagizo yanasema: gawanyika, sogea, ota nyuzi. Homoni ikiwa kidogo, kufuli nyingi hubaki zimefungwa. Chembe huwa pungufu, nyingine hukosa mahali pake, na nyuzi huwa chache.

Sasa sikiliza jambo kubwa. Katika miezi mitatu ya kwanza, tezi la mtoto bado haliwezi kutengeneza homoni hiyo. Mtoto hutegemea homoni ya mama, inayopita kwenye kondo la nyuma. Hata tezi lake likianza kazi, bado huhitaji madini kutoka kwa mama. Kwa hiyo amri za kwanza za kujenga ubongo wa mtoto hutoka katika shingo ya mama.

MADINI JOTO

Homoni hii haiwezi kutengenezwa bila madini joto, ambayo pia huitwa ayodini. Mama mjamzito huhitaji madini haya kidogo sana. Ukigawa gramu moja mafungu 4,000, fungu moja humtosha kwa siku. Lakini kidogo hicho lazima akipate.

Madini joto yakikosekana, tezi hujitahidi kufanya kazi na hatimaye huvimba. Uvimbe huo ndio rovu. Rovu si laana. Ni alama ya tezi lililofanya kazi bila kupata malighafi. Tena, mama anaweza kupungukiwa madini joto hata kama shingo yake haijavimba.

Upungufu huu huonekana sana milimani, kwa sababu mvua ya miaka mingi imeyaosha madini hayo katika udongo na kuyapeleka baharini. Udongo ukiyakosa, mahindi na maharage nayo huyakosa. Huko Ulaya, nchi ya Uswisi yenye milima mingi ilianza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922. Rovu zilipungua sana. Hapa Tanzania, katika miaka ya 1980 na 1990 wananchi wa wilaya zilizokuwa na rovu nyingi walipewa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Baadaye sheria ikataka chumvi ya kula itiwe madini hayo.

TUFANYE NINI?

1. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Sasa unajua kusoma, basi soma pakiti kabla ya kulipa. Chumvi ya gunia isiyo na maandishi usiiamini.

2. Usiongeze chumvi katika chakula. Chumvi nyingi huleta shinikizo la damu. Badilisha aina ya chumvi, usizidishe kiasi.

3. Weka chumvi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, moshi na unyevu. Itie chunguni chakula kinapokaribia kuiva.

4. Mihogo michungu iloweke na kuianika vizuri. Sumu yake huzuia tezi kupata madini joto.

5. Usingoje mpaka tumbo lionekane. Msichana na mama wa umri wa kuzaa wale chumvi hii siku zote. Baba, wewe unayekwenda dukani, kazi hii ni yako pia.

Si kila mtoto anayechelewa kutembea au kusema amekosa madini joto. Sababu ni nyingi. Mpeleke mapema akapimwe. Yule mtoto wa mgongoni nilimwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Nilimweleza mama ukweli: kilichokosekana tumboni, chumvi ya leo haiwezi kukirudisha chote. Lakini yule aliye tumboni, ubongo wake ulikuwa ndiyo kwanza unajengwa. Jioni ile mama alipita dukani kabla ya kurudi nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Amri za kwanza za kujenga ubongo wa mtoto hutoka wapi?
2. Kwa nini mama asingoje mpaka mimba ionekane?
3. Chumvi ya nyumbani kwako imeandikwa nini? Leta pakiti darasani, muisome pamoja.