Nasaba za Washihiri wa Pwani

Katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja, wapo watu wengi walioambiwa utotoni kwamba asili yao ni Hadhramaut, lile bonde la kusini mwa Bara Arabu lenye miji ya Shibam, Seiyun na Tarim; lakini ukiwauliza babu aliyevuka bahari alikuwa nani na alioa kwa watu gani, aghalabu hubaki na jina la ukoo tu.

Washihiri, kama walivyoitwa kwa bandari ya Shihr, walihama kwa ukame, kwa ufukara na kwa visasi vya makabila, ambavyo havikupata kutulizwa mpaka suluhu ya mwaka 1937 iliyosimamiwa na Harold Ingrams, aliyekuwa ametumikia serikali ya Unguja kabla yake. Wengine walielekea Java na Hyderabad. Wa kwetu walishuka kwa majahazi wakati wa kaskazi, na waliotaka kurejea wakangoja kusi. Baadhi yao walikuwa maulamaa, bali wengi walikuwa hamali wa bandarini, wachukuzi wa maji, wauza kahawa na wenye viduka.

Atakaye kuwatafuta na aanze kwa wazee walio hai, awaulize majina, vijiji, makaburi na barua zilizotunzwa masandukuni. Kisha aitazame shajara ya ukoo, yaani mti wa nasaba, ikiwapo, kwani Masharifu hasa wamehifadhi nasaba zao kwa uangalifu mkubwa. Lakini shajara kwa desturi humfuata mwana kwa baba, na waliovuka bahari wengi walikuja bila wake, wakaoa hapa. Hivyo yule mama aliyempa mgeni makao, lugha na watoto hana mahali katika karatasi ile.

Mahali pake pamo katika hati za mirathi. Sheria ya Kiislamu humpa mjane thumni ya mali ikiwa marehemu ameacha watoto, na binti nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Kwa hiyo kadhi hawezi kugawa turathi bila kuwataja wanawake hao. Hukumu za kadhi, wasia na hati za wakfu, nyingine zikiwa zimehifadhiwa katika nyaraka za serikali, ndizo zinazoweza kukujulisha jina la bibi ambaye shajara imemnyamazia.

Katika kusoma, tahadhari mbili zafaa. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko wa Miladia, hata miaka 100 ya Hijria ni kama 97 ya Miladia. Na mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882. Tena majina hurudiwa kutoka kwa babu hadi mjukuu, na makarani wa kikoloni waliyaandika kila mmoja kwa namna yake. Basi usiridhike na jina moja pasipo la baba na la babu.

Tazama mfano wa Sayyid Ahmad bin Sumait, kadhi mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1925: baba yake alitoka Shibam, naye mwenyewe alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Huwezi kuyaeleza maisha yake kwa Shibam peke yake, wala hutaweza kuyaeleza ya babu yako.

Yumkini bibi utakayemkuta alikuwa Mngazija, Mbajuni, Mnyamwezi, au mwanamke aliyeachwa huru kutoka utumwani. Mwandike kwa jina lake na kwa heshima ile ile uliyompa mumewe, kwa kuwa kumficha ni kuwadhulumu wazao wake wote, nawe u mmoja wao. Kila jina liandikie ulikolipata, uwape jamaa nakala, na safari ya kwa wazee usiiahirishe, kwani wanayoyajua wao mengi hayamo katika hati yoyote.