Kigali na wenyeji: Swali ambalo huulizi

Mkenya akienda Rwanda haitaji pasipoti, kitambulisho kinatosha. Kitu cha pili unachohitaji ni marafiki wa huko. Wangu wawili walinizungusha Kigali siku nzima.

Asubuhi tulipanda moto, ndizo boda zao. Abiria lazima avae helmeti, na magari hupita upande wa kulia, so ukivuka, angalia kushoto kwanza. Soko la Kimironko waliniteteshea bei ya kitenge kwa Kinyarwanda, huku wakinicheka.

Mchana tukaenda Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya 1994. Zaidi ya watu 250,000 wamezikwa hapo. Vicheko viliisha mlangoni.

Tukitoka, mmoja akanieleza kwa nini hawaulizani kabila. Zamani liliandikwa kwenye kitambulisho, na kwenye vizuizi vya barabarani neno hilo moja liliamua nani afe. Siku hizi halimo.

Jioni tulikula mishikaki ya mbuzi na ndizi choma. Hakuna aliyeniuliza jina langu la pili. Huku kwetu, mse, ukilitaja tu, mtu ashakupigia hesabu: ni wetu ama ni wao?