Mto Kanyosha, Mabeleshi na Waheshimiwa Wabunge



Kila sheria ya mazingira inapopelekwa Kigobe kurekebishwa, wengi wetu hatushughuliki. Tunasema hayo ni mambo ya wataalamu na ya wapenda ndege. Sisi mambo yetu ni mshahara, likizo na matibabu. Makala hii inataka kuwaonyesha wenzetu kwamba sivyo, na mfano wa kwanza hatutaufuata mbali. Tutauchukua Kanyosha, kusini ya mji wa Bujumbura.

Mto Kanyosha hautoki mbali, lakini unatoka juu. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na milima iliyo nyuma yetu inapita mita 2,000. Maji yanashuka mteremko huo wote kwa mwendo mfupi, yakivuta mawe, kokoto na mchanga. Wakati wa kiangazi mtu huuvuka mto kwa miguu. Mvua kubwa ikinyesha huko Mirwa, mto huo huo husukuma majabali.

Mawe hayo na mchanga huo ndiyo mji wenyewe. Misingi ya nyumba, kuta za mitaro, sakafu za shule, yote hayo yalilala mtoni kwanza. Na wanaoyatoa mtoni ni vibarua: vijana wa beleshi wanaopakia malori, na akina mama wanaokaa juani wakiponda mawe kwa nyundo. Hawana mkataba, hawakuandikishwa INSS, hawana glavu wala buti. Malipo ni ya lori lililojaa, na wote waliopakia wanagawana. Lori lisipokuja, siku hiyo hakuna malipo.

Sasa tazama kinachotokea chini. Mawe makubwa yaliyomo mtoni ndiyo breki ya maji. Yakiondolewa, kitanda cha mto kinashuka na maji yanapata kasi. Yanaanza kula ukingo kutoka miguuni, mpaka udongo wa juu unabaki bila kitu cha kuushika. Siku ya mvua unaanguka pamoja na kilichojengwa juu yake. Nguzo za madaraja nazo huchimbuliwa hivyo hivyo. Kodi ya Maji ya mwaka 2012 iliweka mita 25 kila upande wa mito inayoingia Tanganyika, zisijengwe. Lakini mita 25 zitapimwa kutoka wapi, ikiwa ukingo wenyewe unahama kila mwaka? Na mji wetu haukusahau usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, maji yaliposhuka katika mitaa ya kaskazini na watu zaidi ya 60 wakafa.

Je, sheria inasema nini? Burundi ilipata Kodi ya Mazingira tarehe 30 Juni 2000. Humo iliandikwa kwamba kazi yoyote ambayo kwa ukubwa wake au kwa namna yake yaweza kudhuru mazingira, mwenyewe atafanya kwanza tathmini ya athari na kuipeleka kwa wakuu wa mazingira. Ataeleza mahali palivyo kabla ya kazi, madhara yanayotazamiwa, hatua za kuyazuia na gharama zake. Dekreti ya Oktoba 2010 ikaeleza utaratibu, pamoja na orodha ya kazi zinazolazimika kupimwa. Halafu Mei 2021 Kodi nzima ikarekebishwa, baada ya kupita kwa wawakilishi wa wananchi. Kabla ya hapo, mwaka 2003, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilikuwa zimetia sahihi mapatano ya kulilinda Ziwa Tanganyika, na tathmini hiyo ni mojawapo ya mambo ziliyoahidiana.

Kwa karatasi, basi, hatuko nyuma. Ila kuna tundu moja, na tundu hilo ni kubwa kama korongo la Kanyosha. Sheria ya namna hii, hapa na kote duniani, inamtafuta mwenye mradi. Inamtaka mtu mwenye jina, ramani na fedha za kumlipa mtaalamu. Kiwanda kinaye mtu huyo, bwawa la umeme linaye. Mto unaochimbwa na mabeleshi mia kila siku, kila mmoja kidogo kidogo, hauna mwenyewe. Hakuna hata beleshi moja linalofikia kipimo cha orodha, na mto unakwisha vile vile. Kisha ukingo unapoanguka, amri inatoka ya kusimamisha uchimbaji. Amri kama hizo zimetolewa zaidi ya mara moja katika mito ya Bujumbura. Zinamkuta nani? Kibarua na beleshi lake. Mwenye lori anakwenda mto mwingine, na mwenye kujenga analipa bei kubwa zaidi kidogo, basi.

Jambo la pili ni la wakati, na hapo twende Mombasa, kwa ndugu zetu wa Kenya, maana yaliyowapata yanamhusu kila mfanyakazi wa kiwandani. Kenya ina sheria ya mazingira tangu 1999, nayo inakataza kazi kuanza kabla ya leseni ya tathmini. Hata hivyo katika mtaa wa Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri za magari ili kupata madini ya risasi kilifunguliwa mwaka 2007, na tathmini ikaja nyuma. Phyllis Omido, aliyeajiriwa humo, alipewa kazi ya kusimamia tathmini hiyo wakati tanuri zimekwisha kuwaka. Wataalamu wakaonya kwamba kiwanda hakifai kukaa karibu na watu. Onyo halikufuatwa. Mtoto wake mchanga alikutwa na risasi damuni. Moshi wenyewe waliuvuta wafanyakazi kwanza, majirani wakafuata. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa ikaivunja hukumu hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu miaka, ndugu msomaji: kutoka 2007 hadi 2024. Na mamlaka ya serikali ya mazingira ilikuwa miongoni mwa waliopatikana na hatia, kwa sababu ndiyo iliyopaswa kusema hapana mwanzoni.

Wako wanaosema sheria hizi zinachelewesha maendeleo na kunyima watu ajira. Wasibezwe, tathmini inayokaa miezi mezani kwa afisa kwa sababu ya uzembe, au kwa kungoja bahasha, ni adha ya kweli. Lakini tuangalie dawa inayotolewa. Nchini Brazili mwaka 2025 bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu miradi mingi ipate leseni kwa mwenyewe kujaza tamko tu. Rais Lula alivikataa vifungu 63 mwezi wa Agosti; Novemba bunge likarudisha sehemu kubwa. Ni nchi hiyo hiyo ambako tarehe 25 Januari 2019 bwawa la tope la mgodi wa Brumadinho lilipasuka na kuua watu 270, wengi wao wafanyakazi. Kantini yao ilikuwa imejengwa chini ya bwawa, na saa ilikuwa ya chakula. Ajira ya namna hiyo hatuiombi.

Basi wabunge wakikaa tena juu ya sheria hii, vyama vyetu visingoje kualikwa. Tuwaambie kwanza kwamba mto upimwe wote kwa pamoja, toka mlimani mpaka ziwani, na siyo shimo moja moja. Wataalamu waseme ni malori mangapi ya mchanga yaweza kutolewa kwa mwaka bila kitanda kushuka, wapi na miezi gani. Gharama ya kupima ilipwe na wenye malori na wakubwa wa ujenzi. Wachimbaji waundwe katika ushirika wenye sehemu iliyopimwa. Hapo sheria itakuwa imepata mtu wa kusema naye, na kibarua atakuwa amepata pa kudai.

Tena, tathmini huandikwa kwa Kifaransa, kurasa nyingi, na wananchi huitwa mkutanoni kuambiwa kwamba yote ni mema. Muhtasari usomwe kwa Kirundi na Kiswahili, siku za kutosha kabla ya mkutano, na wajumbe wa wafanyakazi wawepo kwa haki yao, si kwa kukaribishwa. Mama anayeponda mawe Kanyosha anajua mto ulikuwa wapi mwaka juzi na uko wapi leo. Dodoso lianze kwake, na jina la mwenye lori analompakia liandikwe humo.